Shajara ya Kibwebwe: majuma kumi na manne bila mizani

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo tumeanza kikundi chetu cha mazoezi, sisi wanawake wa mtaa. Tumekutana saba, viwanja vya Tangamano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua likiwa bado halijapata ukali. Tumetembea, tumenyoosha viungo, tumerudi. Dakika 40 hivi. Naandika haya ili tukifika mbali tukumbuke tulikotoka, na mwanamke wa mtaa mwingine anayetaka kuanzisha kikundi aone mahali tulipokwama.

Mradi huu umetoka kwenye futi kamba. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ngamiani hapa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na tisa niko kwenye kazi hii. Desemba, msimu wa sare, mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 13 apimwe sketi ya shule. Hata daftari sijafungua akasema, "Fundi, mpimie pana, hili bonge linaongezeka kila kukicha." Alisema kwa mapenzi, vile tusemavyo wote. Nikamzungushia mtoto futi kiunoni, nikahisi tumbo limevutwa ndani, pumzi imesimama. Nikangoja. Hakuiachia. Nilipomwambia, "Pumua, mwanangu," machozi yakamlengalenga.

Tangu siku ile nawatazama wateja wangu kwa jicho jingine. Wengi hubana pumzi futi ikifika tumboni. Wako wanaoniomba niandike inchi pungufu: "Nitapungua tu, fundi." Lakini gauni lililokatwa kwa pumzi iliyobanwa hupasuka zipu siku mwenyewe anapokaa kula pilau. Sasa kila anayekuja namwambia apumue kwanza ndipo nipime. Kinachokatwa ni kitambaa. Mwili unabaki ulivyo na mkasi unaufuata. Nilidhani hilo kila mtu analijua.

Masharti tuliyapanga na jirani yangu muuguzi. Mizani hatuna na hatutaleta. Salamu za mwili marufuku: si "umenenepa!", si "mbona umekonda, waumwa?", si "mashallah, shepu hiyo". Atakayeteleza analeta chungwa moja la Muheza. Siku ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 50 kila siku. Muuguzi ndiye aliyepiga hesabu: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Tatu mara hamsini, imetimia. Na linataka siku mbili au zaidi za kukaza misuli, ambazo kwa wanawake wa mtaa wetu ndoo ya maji ya lita 20 inazitosheleza.

Jina tumeita Kibwebwe. Bibi zetu walikuwa wakijifunga kibwebwe kiunoni kabla ya kuingia ngomani au kushika mchi. Kiuno kilifungwa kipate nguvu ya kazi, na hakuna aliyekuwa akikipima.

Jumamosi, 11 Januari

Kumi na wanne. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi, siku ambayo Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliitangaza Desemba 2016 kuwa ya mazoezi nchi nzima. Vijana wa jogingi walipita na filimbi na nyimbo zao, wamevaa fulana za rangi moja, wanapendeza kweli. Wenzangu watatu walisogea pembeni nyuma ya mwembe mpaka wale wapite. Niliwaona na sikusema kitu. Nimeandika tu, ili nilifanyie kazi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimelijua la mwembe. Ni nguo.

Dera halikimbiliki, ukinyanyua goti linakukamata, ukishika pindo mkono mmoja haufanyi kazi. Taiti wengi wetu hatuwezi kutoka nazo barabarani, kwa dini au kwa kutotaka kutazamwa tu, na zote mbili ni sababu halali. Traksuti za dukani zimekatwa kwa miili mingine: zikienea nyonga, kiuno kinaelea.

Lipo na la pili, ambalo mama wa vitumbua alininong'oneza peke yangu: akirukaruka kifua kinamuuma, na sidiria anayovaa haizuii chochote. Ana miaka arobaini na kitu. Alikuwa akidhani ni uvivu wake. Nimemwambia maumivu yale ni ya kweli, matiti yasiposhikwa huvuta nyama inayoyabeba, na tangu zamani tunajua dawa yake: kanga iliyokunjwa mara tatu, inazungushwa kifuani, ncha inachomekwa pembeni chini ya kwapa ili fundo lisichubue.

Usiku huu nimekata sampuli. Suruali pana ya pamba, lastiki kiunoni, na juu yake kanzu fupi inayofika magotini, imepasuliwa pembeni zote mbili kwa inchi tisa. Ndani nimeweka mkanda mpana wa kitambaa kisichovutika, unaofungwa mbele kwa kulabu nne, kwa ajili ya kifua. Kitambaa mita tatu na nusu kwa mtu wa kawaida, na "wa kawaida" kwenye daftari langu ni wa inchi 46 za nyonga. Nimeona nilitaje hilo, maana vipimo vya kwenye magazeti ya mishono huishia 40.

Jumamosi, 25 Januari

Rede!

Tulikuwa tumeshachoka kurukaruka kwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, na kila mmoja anaangalia saa. Ndipo mwalimu mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, miaka 66, akauliza kama hatukuwahi kuwa watoto. Nikakimbia kibandani, nikachukua soksi kuukuu, nikaijaza vipande vya vitenge, nikaifunga. Chupa ya maji tukaiokota hapo hapo.

Kwa asiyecheza: wawili wanasimama pande mbili, wanarusha mpira kumlenga aliye katikati. Wa katikati anakwepa, na kila mpira ukiwa mbali anachuchumaa kuchota mchanga na kujaza chupa. Ikijaa bila kupigwa, ameshinda.

Mama wa vitumbua aliingia katikati. Sijapata kumwona vile. Kanga ya kifua imekaza, kanzu imechomekwa upande mmoja, macho hayabanduki kwenye mpira. Anachota bila kuangalia chini, vidole vitatu vinafanya mrija kwenye mdomo wa chupa na mchanga unateremka kama unga kwenye chekecheke. Mpira ukaja usawa wa paja; akainama, ukapita, akaendelea kuchota. Ukaja wa juu. Akakaa chini kabisa, akainuka bila kushika ardhi. Alichuchumaa na kuinuka mara ishirini na sita. Ningemwambia apige hizo ishirini na sita kwa kuhesabu angeishia ya nane.

Tulicheza dakika 35 na hakuna aliyeuliza saa.

Yule binti wa sketi alikuja na mama yake. Ana mkono! Anarusha chini chini, kwenye vifundo vya miguu, pabaya kukwepa. Wakubwa wakawa wanagombea kuwa upande wake.

Jumanne, 4 Februari

Machungwa yamefika 41 tangu tuanze. Sharti la salamu ndilo gumu kuliko mazoezi yote. Kwetu ukikutana na mtu hujamwona mwezi, jicho linateremka mwilini mwake kabla mdomo haujatoa salamu. Dada mmoja alisema, "Sasa nisiposema umenawiri, nitasema nini?" Tukakaa kulifikiria, na jibu lilikuwepo siku zote. Umeamkaje? Umelalaje? Hujambo? Hujambo yenyewe inauliza kama huna jambo lililokupata. Tumejaribu kukaa nazo hizo. Na nimeona kwamba ukimuuliza mtu amelalaje, ukangoja jibu, anakujibu. Leo wawili wamesema hawalali vizuri. Mmoja ana mtoto anayenyonya, mwingine ana deni la kikoba.

Lakini mwalimu mstaafu hakutuachia hivi hivi. Alifundisha Bukoba miaka ya 1980. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko huko Kagera, 1983. Kabla jina hilo halijaenea, anasema, watu waliuita Juliana, jina la nguo za kupendeza zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara wa magendo, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, wakauita slimu, kwa jinsi ulivyokondesha. "Tulizika walimu wenzetu wakiwa mifupa," alisema. "Ndiyo maana mama yako akikuona umepungua moyo unamruka. Msimcheke. Alipokuwa akiuliza 'mbona umekonda' alikuwa anauliza kama utakufa."

Tulinyamaza wote. Mimi hilo sikuwa nimelipima. Nilikuwa nimeiona salamu ile kama ufidhuli tu, kumbe ndani yake mna woga wa kizazi kizima. Sharti linabaki, kwa sababu leo anayemeza dawa zake anaishi na kuzeeka akiwa na mwili wowote, na msichana mwembamba wa Makorora hapaswi kubeba uvumi kila akipita kilabuni. Lakini nimelibadilisha kidogo: mama na bibi zetu hawatozwi chungwa.

Jumapili, 9 Februari

Kibandani. Bi harusi mtarajiwa, harusi baada ya Idi. Vipimo vyake vya leo ni kifua 40, kiuno 35, nyonga 45. Anataka gauni la kiuno 30. "Nitapungua, fundi. Nimeshaanza chai." Akatoa pakiti kutoka kwenye pochi, kaipata kwa mtu mtandaoni, 35,000. Ameinywa siku tisa. Midomo imekauka, na wakati nampima aliomba kwenda chooni mara mbili.

Nikamwita muuguzi. Aliigeuza pakiti, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akatuonyesha neno Senna. Sanamaki! Hiyo hiyo ambayo bibi yangu alitunywesha kila likizo "kusafisha tumbo". Muuguzi akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa: chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla. Sanamaki inauchokoza utumbo mpana, huko mwisho. Kwa hiyo pilau imeshaingia mwilini zamani. Kinachotoka ni maji na chumvi mwili inazozihitaji ili hata moyo upige sawasawa. Mizani itashuka, ndiyo. Ukinywa maji inarudi. Na utumbo ukizoea kuchokozwa kwa miezi, unaweza kugoma kufanya kazi bila hiyo dawa.

Dada wa watu alilia. Hakulilia ile pesa. Alisema mawifi zake wamemwambia wao ukoo wao "wana viuno", na wanasubiri kuona.

Nimeshona mabibi harusi zaidi ya mia mbili, na kila miaka michache mwili unaotakiwa unabadilika. Nilipoanza walitaka wajaze. Kitambi cha mwanamume na mikono minene ya mke vilikuwa ushahidi wa nyumba yenye chakula. Leo wanataka namba nane, kiuno cha nyigu na nyonga za "Mchina", zile za kununua, na juu ya hapo uso uliopaushwa kwa mkorogo. Mwili hauwezi kufuata mashindano yanayobadilishwa malengo kila mwaka. Nimekataa kukata 30. Nimemwambia nitakata 35, ndani ya mshono nitaacha inchi moja ya akiba kila upande, na siku ya mwisho tutafungua au tutabana kutegemea mwili utakavyokuja wenyewe. Ameondoka bila kuweka arubuni. Anaweza kwenda kwa fundi mwingine, na ni haki yake.

Jumanne, 18 Februari

Siku mbaya. Kuna mtu alimpiga picha mama wa vitumbua kwa nyuma akiwa amechuchumaa kwenye rede, akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno ya kuchekesha. Ilizunguka mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Hajaja leo, na meza yake ya vitumbua haikutoka.

Nilikwenda kwake jioni. Alinipokea vizuri, akaniwekea chai ya tangawizi. Hakutaka tulizungumze. Alisema tu, "Mamaangu, mimi nilikuwa najiona napaa." Sikuwa na la kumjibu. Nimeandika sentensi yake kwa sababu sitaki kuisahau.

Leo tumekuja tisa. Sharti jipya: simu zinakaa kwenye kapu la mwalimu mpaka tumalize, na anayetaka picha anaomba kwa mwenyewe kwanza.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya presha. Muuguzi amekuja na mashine yake, tumepimwa chini ya mwembe, mmoja mmoja, wengine wakiwa mbali wakicheza. Kila mtu alikaa kwanza dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza. Namba anaambiwa mwenyewe kwenye kikaratasi, haisomwi kwa sauti.

Aliyetoka na kikaratasi cha kutisha ni mwembamba wetu kuliko wote, mama wa chapati, yule ambaye kila mtu humwambia, "Wewe mazoezi ya nini?" Ameniruhusu niandike: 168 kwa 102. Muuguzi alimpumzisha akarudia, bado juu. Mstari ni 140 kwa 90, na hauthibitishwi kwa kipimo cha siku moja, kwa hiyo Jumatatu anakwenda zahanati apimwe tena na kuanza kufuatiliwa. Haumwi kichwa, haoni kizunguzungu, hana dalili yoyote. Miaka yote hii watu walimsomea afya kwenye umbo lake na hakuna aliyemfunga mpira wa mashine mkononi.

Baadaye tukabaki na muuguzi tukizungumzia BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu. Nilikuwa nakiona kama sheria iliyoshuka. Kumbe chanzo chake ni hesabu za Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, mtu wa nyota na takwimu, hakuwa tabibu. Alikuwa akimtafuta "mtu wa wastani". Jina la BMI lilikuja 1972, kwa Mmarekani Ancel Keys. Kwa kupima umma kinasaidia, muuguzi anasema, na kwa mtu mmoja ni chekecheke la kwanza tu. Hilo fundi yeyote angewaambia. Ninao wateja wawili wa kilo 74, kimo karibu sawa. Mmoja kiuno 31, mwingine 38. Mizani inawaita sawa. Kitambaa chao hakifanani hata kidogo.

Ndipo akasema neno linaloninyima usingizi. Mafuta yanayojificha tumboni, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayokwenda na kisukari na maradhi ya moyo, na futi yangu inayaona kuliko mizani. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kikizidi 88. Nikapiga kwa inchi: 31 na nusu, 34 na nusu. Daftari langu limejaa namba za juu ya hizo, na wenyewe hawajui.

Je, ninyamaze? Nimekusanya wanawake kwa ahadi kwamba hatutawapima. Lakini kumficha mtu jambo la afya yake ili asihuzunike si kumheshimu. Tumeafikiana hivi: anayetaka kujua atamwendea muuguzi, peke yake, mlango umefungwa, na ataambiwa namba pamoja na la kufanya, kwa sauti ile ile ya kuambiwa presha. Uwanjani namba haziingii. Wanne wamekwenda leo hii. Sijui walichoambiwa, na haya ndiyo matakwa yetu.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo umeingia. Alfajiri tumeiacha. Tunatembea baada ya tarawehe, nusu saa, barabara za Ngamiani zikiwa na taa na watu, na wenzetu Wakristo wanatusubiri nje ya msikiti. Kasi ni ya mazungumzo.

Bi harusi amerudi! Ameweka arubuni, 35 na akiba ya inchi moja, kama tulivyosema. Anatembea nasi. Nikagundua anaruka daku ili "apungue upesi". Mwalimu mstaafu alimshika mkono, wakatembea wawili mbele yetu, akamkumbusha kwamba Mtume amesema daku lina baraka, na kwamba saumu ina nia yake. Ukiitia nia ya kiuno umeipunguza. Mimi nisingeweza kusema hivyo nikasikilizwa.

Na mama wa vitumbua amerudi, usiku wa pili wa mfungo. Niliandaa maneno mengi ya kumshawishi na sikuyatumia. Kilichotokea ni kwamba mwalimu alikuwa anakwenda kwake kila jioni kununua vitumbua vya futari, akikaa mpaka vimalizike kuiva. Siku kumi na mbili mfululizo, tangu kabla ya mwezi kuandama. Siku ya kumi na tatu wakatoka pamoja.

Alhamisi, 13 Machi

Mgogoro, na nauandika kwa ukamilifu.

Kuna wafanyabiashara wamesikia habari zetu. Wanatoa fulana 30, spika, na maji ya chupa kwa miezi mitatu. Sharti: tufanye shindano la kupunguza kilo, picha za kabla na baada, mshindi apate jokofu. Tulikaa kwenye jamvi tukazungumza saa nzima.

Wapo waliotaka, na sababu zao si za kipuuzi. Dada wa deni la kikoba alisema jokofu lingemwezesha kuuza barafu. Mwingine alisema yeye amepungua kweli, anajisikia vizuri, kwa nini asijivunie? Nilimjibu kwamba ajivunie, hakuna anayemzuia kupungua wala kufurahi. Ninachokataa ni kumpa jokofu atakayekaa na njaa kuliko wenzake. Muuguzi akaongeza kwamba aliyeshuka haraka kwa kujinyima huwa anarudi alipokuwa, mara nyingi na ziada, kwa sababu mwili ulionyimwa huongeza njaa na hupunguza matumizi. Mama wa chapati akauliza, kwa upole, yeye angeshindana na nini? Presha yake imeanza kushuka kwa dawa, kwa kutembea na kwa kupunguza chumvi ifike chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku. Hiyo nayo ina jokofu?

Kura: 17 kukataa, 6 kukubali. Wawili kati ya wale sita hawajaja tangu hapo. Nimewapigia simu. Nimesikitika, na sioni kama kura ilikosea.

Badala yake tumeanzisha daftari letu wenyewe. Kila mtu anaandika kitu kimoja alichokuwa hawezi na sasa anaweza. Nanakili machache: Kupanda ngazi za hospitali ya Bombo kumwona mgonjwa bila kusimama katikati. Kusujudu na kuinuka bila kushika goti. Kubeba ndoo kutoka kisimani kwa mkono wa kushoto. Kulala mpaka adhana. Kumbeba mjukuu mgongoni hadi sokoni. Mmoja ameandika: kuvaa kanzu ya mikono mifupi.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, tumekula, hakuna aliyetubu kwa kula. Tumetembea mpaka Raskazone na kurudi, bahari imejaa, upepo wa kusi umeanza.

Gauni la bi harusi limekwisha usiku wa kuamkia jana. Alikuja kujaribu na dada yake. Nikamwambia, kama kawaida, apumue. Akavuta pumzi, akaiachia yote, mabega yakashuka, nikafunga zipu. Kiuno kimesimama kwenye 35 kasoro nusu inchi, mkono wa fundi unajua. Akiba ya ndani sikuifungua wala sikuibana. Akakaa kwenye kigoda, akainuka, akachuchumaa kama anachota mchanga. Hakuna uzi uliolia. Dada yake akafungua mdomo kusema kitu kuhusu kiuno, akakumbuka, akasema, "Umeamkaje, bi harusi?" Tukacheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Jumamosi, 12 Aprili

Jumamosi ya pili ya mwezi tena. Masika yameshika; Tangamano imekuwa bwawa. Tumehamia baraza la shule ya jirani kwa hisani ya mwalimu mkuu, lina sakafu ya saruji, kwa hiyo rede ya mchanga haiwezekani. Tunaruka kamba na kubeba ndoo.

Hesabu za majuma kumi na manne: walioandikishwa 31, wanaokuja angalau mara mbili kwa wiki 18. Suruali na kanzu 22 zimeshonwa, 16 zimelipwa, sita zinalipwa kidogo kidogo. Machungwa 67, mengi ya Januari na Februari. Mwezi huu matatu tu. Aliyeteguka mguu ni mmoja, kwenye shimo la pembeni mwa uwanja, amepona. Presha zilizogunduliwa ni tatu, na wote watatu wanahudhuria zahanati. Kilo: hatujui.

Yaliyobaki. Mkanda wa kifua kulabu zinashika kutu kwa jasho. Nijaribu vifungo vya plastiki. Tuombe halmashauri kifusi cha kufukia lile shimo. Binti wa sketi ameomba tuanzishe ya wasichana siku ya Jumapili, na amesema mwenyewe ataifundisha rede. Nizungumze na mama yake. Chupa ya kwanza imepasuka kitako. Mama wa vitumbua ameleta nyingine, ya lita moja na nusu, anasema ile ya zamani ilikuwa inajaa upesi mno.